Shajara ya mradi: takwimu za MTUHA zirudi kituoni

Mipaka ya mradi

Halmashauri moja ya Tanzania Bara, vituo 41: hospitali 1, vituo vya afya 5, zahanati 35. Muda ni wiki 26. Timu ni ya watu wanne: mratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) wa halmashauri, mratibu wa huduma za mama na mtoto, mfamasia na mtaalamu wa TEHAMA.

Lengo la kwanza lililoletwa mezani lilisomeka "kuboresha mfumo wa kompyuta". Limefutwa. Kompyuta zipo, na DHIS2, programu ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, imekwisha kufika mikoa yote ya Tanzania Bara tangu 2013. Kinachokosekana ni safari ya kurudi. Tarakimu hupanda kutoka zahanati kwenda wilayani, mkoani hadi wizarani, na huko huko hubaki. Muuguzi anayejumlisha vitabu kila mwisho wa mwezi haambiwi jumla yake imeamua nini. Lengo lililokubaliwa sasa ni hili: ifikapo wiki ya 26, kila kituo kiwe kinafanya uamuzi angalau mmoja kwa mwezi kutokana na takwimu zake chenyewe, na uamuzi huo uwe umeandikwa.

MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Neno la kukazia hapo ni "uendeshaji". Kitabu cha wagonjwa peke yake ni kumbukumbu. Huwa sehemu ya mfumo wa taarifa za uongozi pale tu yaliyomo yanapokusanywa kwa utaratibu, yakachujwa, yakalinganishwa na kipimo fulani, kisha yakamfikia mwenye madaraka ya kubadili jambo, tena kabla muda haujampita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tena ni zito. Habari ndiyo haifiki.

Wiki ya 1 na 2: kuorodhesha maamuzi kabla ya fomu

Kosa la kawaida katika kazi hizi ni kuanza na fomu: fomu zipi zipo, zipi zinachelewa. Tumeanza na maamuzi. Kila ngazi iliulizwa swali moja: "Ni jambo gani ungelifanya tofauti kama ungekuwa na tarakimu sahihi leo?"

Majibu yamejipanga katika ngazi tatu, zile zile ambazo mtu yeyote aliyesoma uongozi anazijua. Mganga mfawidhi wa zahanati huamua mambo ya siku na wiki: aagize dawa mseto ya malaria kiasi gani, mama yupi hajarudi kliniki, kijiji kipi kipelekewe huduma ya mkoba. Timu ya afya ya halmashauri huamua mambo ya mwezi na robo mwaka: gari la usimamizi shirikishi liende wapi kwanza, mtumishi gani ahamishwe, jokofu lipi likarabatiwe. Juu kabisa ni mambo ya mwaka na kuendelea, yaani Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na bajeti yake, ujenzi wa vituo, na vipaumbele vya taifa.

Tukio ni lile lile, ila linatakiwa kwa chembe tofauti. Zahanati inahitaji jina la mtoto ambaye hakurudi. Wilaya haihitaji jina. Inahitaji kujua ni zahanati zipi zinapoteza watoto wengi. Wizara inahitaji mwelekeo wa miaka. Ukiipa wilaya majina umeizika katika karatasi, na ukiipa zahanati asilimia ya wilaya hujaipa kitu cha kufanya kesho asubuhi. Mtaalamu wa uongozi Russell Ackoff alionya mwaka 1967 kwamba tatizo la mameneja wengi ni kufurikwa na taarifa zisizowahusu kuliko kukosa zinazowahusu. Onyo hilo limesimama imara hapa: orodha ya taarifa ambazo hakuna kikao kilichoweza kuzitajia uamuzi wake ni ndefu kuliko orodha ya zenye uamuzi.

Zoezi limezaa viashiria 6 vya kuanzia. Viashiria vingine havifutwi, kwa kuwa fomu ni za kitaifa na halmashauri haina mamlaka nazo. Ila hivyo 6 ndivyo vitakavyosimamiwa kwa karibu.

Wiki ya 3 hadi 5: kuifuata tarakimu njiani

Tarakimu moja imefuatwa tangu inapozaliwa hadi inapoonekana kwenye dashibodi: wagonjwa wa malaria waliothibitishwa kwa kipimo cha haraka. Njia yake ni hii.

1. Mgonjwa anaandikwa katika Kitabu Namba 5, cha wagonjwa wa nje: umri, jinsia, hudhurio jipya au la marudio, kipimo, jibu, utambuzi, dawa.
2. Mstari unahamishiwa kwenye karatasi ya kuhesabia kwa vijiti, vinne na cha tano kikikatiza.
3. Mwisho wa mwezi vijiti vinajumlishwa na kuandikwa kwenye fomu ya mwezi, nakala mbili. Moja inabaki kituoni.
4. Fomu inapelekwa ofisi ya wilaya.
5. Ofisini inaingizwa DHIS2, kisanduku kwa kisanduku.
6. Jedwali za uchambuzi zinajengwa upya, kwa kawaida usiku, ndipo tarakimu inaonekana kwenye chati.

Hatua ya 6 imewahi kuzua ugomvi usio na sababu. Mtu anaingiza fomu asubuhi, anafungua chati saa sita mchana, haoni kitu, anaingiza tena akidhani haikuhifadhiwa. Thamani mpya huonekana kwenye ukurasa wa kuingizia papo hapo, lakini chati husoma jedwali zilizojengwa awali. Maelezo hayo yamebandikwa kwenye meza ya kila mwingizaji.

Makosa mengi yako hatua ya 2 na ya 3, na sababu zake hazihusiani na uzembe. Utambuzi mmoja kwenye fomu ya wagonjwa wa nje una makundi 5 ya umri (chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, miaka 60 na zaidi), na kila kundi lina jinsia mbili. Hivyo ni visanduku 10 kwa ugonjwa mmoja. Zidisha kwa magonjwa yote ya fomu, kisha mpe mtu mmoja anayezalisha wajawazito, anayechoma chanjo na anayefungua dirisha la dawa. Karatasi ya vijiti haijazwi kila siku. Inajazwa tarehe 30 jioni, kwa kupekua kitabu kizima kwa haraka. Hapo ndipo mistari inarukwa.

Makosa manne yanajirudia kituo baada ya kituo:

- Mtoto wa mwaka 1 kamili anawekwa kundi la chini ya mwaka 1, kwa sababu mama amesema "ana mwaka".
- Hudhurio la marudio linahesabiwa kama ugonjwa mpya. Mgonjwa mmoja aliyerudi mara tatu anakuwa wagonjwa watatu.
- Safu inahama. Tarakimu za ugonjwa mmoja zinaandikwa mstari wa chini yake, na kuanzia hapo kila kitu kinateremka hatua moja.
- Kitabu kimejaa, kipya hakijaletwa, wagonjwa wanaandikwa kwenye daftari la shule lenye safu za kuchorwa kwa rula. Safu ya umri huachwa kwanza.

Kipimo kilichotumika ni cha kuhesabu upya. Chagua viashiria 3 na miezi 3. Hesabu mwenyewe mistari kitabuni, gawanya kwa tarakimu iliyoripotiwa, zidisha kwa 100. Kati ya 90 na 110 inakubalika. Chini ya 90 kituo kimeripoti zaidi ya kilichonacho, juu ya 110 kimeripoti pungufu. Mfano wa hesabu: kitabuni 84, fomu inasema 97, jibu ni 86.6, kituo kimezidisha. Linganisha pia fomu na DHIS2, maana mara nyingine fomu ni sahihi na kosa ni la mwingizaji wilayani. Kumlaumu muuguzi kwa kosa lililofanyika kilomita 60 kutoka kwake ni kuua mfumo kwa mkono wako.

Wiki ya 6: sifuri si nafasi tupu

Wiki nzima imeliwa na jambo hili, na ilistahili.

Nafasi tupu kwenye fomu inaweza kuwa na maana nne. Ya kwanza, hakuna mgonjwa wa aina hiyo mwezi huu. Ya pili, huduma hiyo haitolewi kituoni. Ya tatu, huduma ilisimama, mfano vipimo viliisha. Ya nne, mjazaji amesahau. Mkuu wa wilaya akiona pengo kwenye chati ya malaria hawezi kujua ni furaha au ni hatari.

DHIS2 nayo ina tabia yake. Bila kuwekewa mpangilio maalumu kwa kila kipengele cha data, haihifadhi sifuri. Mtu ameandika 0 kwa uaminifu, mfumo umeiacha, na mwezi ujao anaulizwa kwa nini hakuripoti. Chaguo la kuhifadhi sifuri huwekwa na wenye mamlaka ya mfumo, wala si halmashauri, na lina gharama: fomu kubwa zilizojaa sifuri hunenepesha hifadhidata. Kwa hiyo hutunzwa kwa vipengele ambavyo sifuri yake ni habari kubwa, kama vifo vya uzazi na magonjwa ya mlipuko.

Utaratibu wa karatasi umewekwa hivi kwa vituo vyote 41: sifuri huandikwa 0, huduma isiyotolewa kituoni hupigwa mstari, huduma iliyosimama huandikwa 0 na sababu hutajwa kwenye nafasi ya maoni chini ya fomu ("vipimo viliisha tarehe 9"). Nafasi tupu ni kosa, na fomu yenye nafasi tupu hairudishwi kwa gari. Mratibu hupiga simu, anaandika jibu kwa kalamu nyekundu na kuweka saini.

Wiki ya 7 hadi 9: orodha ya vituo

Hesabu ya ukamilifu wa taarifa ni fomu zilizopokelewa kugawanya kwa fomu zilizotarajiwa. Watu wengi huhangaika na namba ya juu. Hapa ya chini ndiyo mbovu.

Yaliyopatikana: kliniki binafsi iliyofungwa ambayo bado inatarajiwa kuripoti, zahanati moja iliyosajiliwa mara mbili kwa tahajia mbili za jina la kijiji, na zahanati zisizozalisha ambazo zimepangiwa fomu ya wazazi, fomu ya Kitabu Namba 12. Zahanati ya namna hiyo itaonekana mkosaji kila mwezi hadi mwisho wa dunia. Suluhisho ni kuilinganisha orodha ya DHIS2 na rejista ya taifa ya vituo vya afya, kuomba marekebisho kwa barua kupitia mkoa, na kuweka tarehe ya kufungwa kwa kituo badala ya kukifuta. Kituo kikifutwa historia yake huzikwa nacho.

Tahadhari kwa halmashauri zinazogawanywa: ukihamisha kituo chini ya halmashauri mpya ndani ya DHIS2, miaka yake yote ya nyuma huhama pamoja nacho kwenye uchambuzi. Ripoti ya 2019 ukiitoa leo haitalingana na iliyochapishwa 2019. Kabla ya kuhamisha, toa nakala ya jedwali za miaka iliyopita na uzitunze.

Kitufe cha "Kamilisha" pia kimeeleweka vibaya. Ukamilifu na uwahi wa fomu huhesabiwa kwa kubonyeza kitufe hicho. Fomu iliyojazwa yote bila kubonyezwa inahesabika haijaletwa, na fomu tupu iliyobonyezwa inahesabika imekamilika. Asilimia 100 ya ukamilifu, kwa hiyo, haisemi chochote kuhusu kilichomo. Katika ubao wa mradi kiashiria hiki kimeshushwa hadhi: kinaonyeshwa, ila hakipewi pongezi peke yake.

Wiki ya 10 hadi 12: kanuni za uhakiki

Zimewekwa kanuni 9. Tatu kati yake zinakamata makosa mengi kuliko nyingine zote kwa pamoja:

- Waliokutwa na malaria wasizidi waliopimwa.
- Jumla ya watoto waliozaliwa hai na waliozaliwa wafu isiwe chini ya idadi ya wanawake waliojifungua. Mapacha huongeza upande wa watoto, kwa hiyo usiweke alama ya usawa hapa.
- Dozi ya tatu ya chanjo ya Penta (Penta 3) isizidi ya kwanza (Penta 1) kwa jumla ya miezi 12. Kwa mwezi mmoja inaweza kuzidi bila kosa, maana anayepata Penta 3 leo alipata Penta 1 wiki 8 zilizopita. Chanjo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Nukta ya mwisho ina uzito. Kanuni hiyo iliwekwa kwanza kwa mwezi mmoja mmoja na kama kizuizi, yaani fomu haikamiliki hadi sharti litimie. Wakati wa majaribio tarakimu zilianza kulingana kupita kiasi: Penta 1 na Penta 3 zikafanana fomu baada ya fomu. Wajazaji walikuwa wanasahihisha takwimu ili zipite mlangoni. Kanuni kali isiyoeleweka hufundisha watu kughushi. Imelegezwa kuwa onyo lenye nafasi ya maelezo, na muda wake umekuwa miezi 12.

Kwa tarakimu za kushangaza kinatumika kipimo cha mtawanyiko: wastani wa miezi 12 ya kituo hicho hicho, na thamani iliyo mbali na wastani huo zaidi ya mara 3 ya mkengeuko sanifu (umbali wa kawaida wa tarakimu kutoka wastani) inahojiwa. Kipimo hiki kinakamata vizuri kosa la kubofya tarakimu mara mbili, mfano 44 ikawa 444. Hakikamati kosa linalojirudia kila mwezi, kwa kuwa limekwisha kuwa sehemu ya wastani. Zahanati inayohesabu marudio kama wagonjwa wapya miaka mitano itaonekana tulivu kabisa. Hiyo hukamatwa kwa kuhesabu kitabu tu. Hakuna programu itakayokusaidia.

Wiki ya 13: kigawanyo

Asilimia ya chanjo iliyopita 100 imeibua mjadala mrefu. Chukua zahanati yenye watu 6,000 katika eneo lake la huduma. Tuseme watoto chini ya mwaka mmoja ni asilimia 3: hao ni 180 kwa mwaka, 15 kwa mwezi. Mwezi huu wamechanjwa 19. Hiyo ni asilimia 127.

Sababu zinazowezekana ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Huenda akina mama wa kijiji cha jirani wanavuka kuja hapa. Basi zahanati ya jirani itaonekana na upungufu unaolingana, na zitazamwe pamoja. Huenda idadi ya watu ni ya zamani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120; eneo lililokua haraka kuliko makadirio lilikuwa na kigawanyo (idadi ya watoto wanaotarajiwa) kidogo mno, na asilimia zake zikashuka ghafla makadirio mapya yalipoingizwa ingawa hakuna mtoto aliyekosa. Ripoti inayovuka mwaka huo iandikwe wazi kigawanyo kipi kimetumika. Au ni hesabu mbovu kitabuni, na dawa yake imeelezwa wiki ya 5.

Kwa ngazi ya zahanati uamuzi wa timu ni kuacha kigawanyo cha watu na kutumia kiwango cha kuacha chanjo: Penta 1 toa Penta 3, gawanya kwa Penta 1. Waliopata Penta 1 wakiwa 60 na Penta 3 wakiwa 42, kiwango ni asilimia 30. Juu ya 10 kuna tatizo. Hesabu hii haihitaji sensa, na muuguzi anaweza kuifanya kwa simu yake.

Kosa jingine lililokutwa kwenye jedwali la Exceli la robo mwaka ni kuchukua wastani wa asilimia. Kituo A watoto 90 kati ya 100, kituo B mtoto 1 kati ya 10. Wastani wa asilimia 90 na 10 ni 50. Ukweli ni 91 kati ya 110, yaani 82.7. Jumlisha kwanza, gawanya baadaye. DHIS2 hufanya hivyo yenyewe. Jedwali la mkono halifanyi.

Wiki ya 14 hadi 18: ukurasa mmoja

Hapa ndipo kiini cha mradi kilipo.

Kila kituo sasa kinapokea karatasi moja ya A4 kabla ya tarehe 20. Juu kuna viashiria 6, kila kimoja kikiwa na tarakimu ya mwezi huu, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu mwaka jana. Katikati kuna mistari miwili ya maelezo iliyoandikwa na mratibu kwa mkono. Chini kuna nafasi ya uamuzi, yenye maswali manne: tutafanya nini, nani, lini, tutajuaje imefanyika.

Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 4 na chati za rangi. Printa ya halmashauri ni ya wino mweusi, kwa hiyo kijani, njano na nyekundu zilitoka kijivu tatu zinazofanana. Limeachwa. Rangi zimebadilishwa na alama: mshale juu, mshale chini, na mstari.

Sambamba na hilo kila kituo kimechora chati ya ukutani ya chanjo: miezi 12 chini, jumla ya kupanda pembeni, mstari wa lengo ukianzia sifuri hadi lengo la mwaka, na mistari miwili ya Penta 1 na Penta 3. Pengo kati ya mistari hiyo ni watoto waliopotea njiani. Mwanakijiji asiyejua asilimia anauona mwanya huo kwa macho, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati ameanza kuuuliza. Kalamu na karatasi ya manila vimegharimu kidogo mno kuliko kishikwambi kimoja, na ukutani hapakatiki umeme.

Kikao ni cha dakika 40 kwa mwezi, kituoni, wakiwa wamesimama mbele ya chati. Mfano wa uamuzi uliotokea zaidi ya mahali pamoja: surua-rubella ya miezi 9 iko chini sana ikilinganishwa na Penta 3. Sababu imejulikana kwa kuuliza, haimo kwenye kompyuta. Kichupa kina dozi 10, kikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa 6, na muuguzi anaogopa kulaumiwa kwa upotevu. Watoto wawili wakija, anawaambia warudi Alhamisi. Wengine hawarudi. Uamuzi uliandikwa hivi: kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, upotevu uandikwe na usihojiwe, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawakumbushe akina mama siku ya kliniki. Mratibu wa chanjo wa wilaya ameweka saini ili muuguzi awe na kinga. Bila saini hiyo uamuzi ungekuwa maneno matupu. Tarakimu ilionyesha mahali, mtu akaeleza sababu, na mwenye madaraka akaondoa kikwazo. Ukikosekana mmoja katika hao watatu, hakuna mfumo.

Wiki ya 19 na 20: nywila, bando, siri za wagonjwa

Nywila moja ilikuwa inatumiwa na watu 5. Imekatwa, kila mtu ana akaunti yake, na anayehama kituo hufungiwa wiki hiyo hiyo. Bila hivyo kumbukumbu ya nani amebadili nini haina thamani.

Picha za vitabu kwenye WhatsApp zimekatazwa. Fomu ya mwezi ni jumla tu, hiyo inaweza kupigwa picha na kutumwa barabara ikikatika. Kitabu kina jina, kijiji na ugonjwa wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata kama sheria isingekuwepo, mgonjwa hakumweleza muuguzi habari zake ili zisambae kwenye kikundi cha watu 60.

Bando: kuingiza fomu kunatumia data kidogo, kufungua dashibodi yenye chati nyingi kunatumia nyingi. Vituo vinavyojiingizia vyenyewe vimeelekezwa kufungua ukurasa wa kuingizia moja kwa moja. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, thamani zisizopanda hubaki kwenye kivinjari. Usifute historia ya kivinjari hadi uhakikishe zimepokelewa.

Wiki ya 21 hadi 24: kupima tena

Zoezi la kuhesabu upya limerudiwa kwa viashiria vile vile. Vituo vinavyojaza karatasi ya vijiti kila siku kabla ya kufunga vimeingia kati ya 90 na 110 kwa malaria. Vinavyosubiri mwisho wa mwezi bado viko nje. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti kati ya vituo vyenye kompyuta na visivyo nazo, na ndiyo itakayoongoza matumizi ya fedha zilizobaki: karatasi za kuhesabia zichapishwe za mwaka mzima kabla ya kununua kifaa chochote.

Takwimu za wajawazito, Kitabu Namba 6, hazijatengemaa. Mama anayeanza kliniki kituo kimoja na kuendelea kingine anaandikwa hudhurio la kwanza mara mbili. Kadi yake inaonyesha, lakini mpokeaji haangalii ukurasa huo.

Wiki ya 25: yaliyobaki mezani

- Maelekezo ya hudhurio la kwanza la mjamzito: kuandikwa upya kwa sentensi mbili na kubandikwa ndani ya jalada la Kitabu Namba 6. Mratibu wa mama na mtoto.
- Vituo 3 havina uamuzi ulioandikwa kwa miezi miwili mfululizo. Gari liende huko kwanza, na safari ianze kwa kuuliza kama ukurasa wa A4 ulifika.
- Leja ya dawa ilinganishwe na malaria iliyothibitishwa. Dawa mseto zilizotolewa zikizidi sana waliokutwa na vimelea, kuna wanaotibiwa bila kupimwa, au leja ina kosa. Mfamasia aanze na vituo 5.
- Hospitali ina mfumo wa kielektroniki wa wagonjwa, lakini jumla ya mwezi bado inahesabiwa kwa mkono. Kabla ya kuunganisha, makundi ya umri ya mifumo yote miwili yalinganishwe kisanduku kwa kisanduku.
- Vitabu vipya: oda ipelekwe vikibaki kurasa 40, isisubiri ukurasa wa mwisho.